Limao likikosekana: kitu gani kishike nafasi yake, na kwa kipimo gani

Machungwa ya Ukerewe yakiwa yamejaa Soko Kuu hapa Mwanza, hakuna anayewaza jambo hili. Malimao yamepangwa mafungu, ndimu zipo, machenza yapo, na bei inaruhusu. Msimu ukipita, fungu linapungua, ndimu zinakuwa ndogo zisizo na maji, na mapishi uliyonayo mkononi bado yanadai malimao matatu. Hapo watu huanza kubahatisha. Mmoja anaweka siki kwenye aisingi, mwingine anamimina kikombe kizima cha juisi ya boksi kwenye keki, halafu keki inabaki mbichi katikati na lawama inaangukia oveni.

Karibu kila mara kuna kitu cha kuweka badala yake. Kwanza jiulize limao lile liliwekwa kwenye mapishi lifanye kazi gani, kwa sababu tunda hili lina vitu viwili visivyokaa mahali pamoja. Uchachu uko kwenye maji yake. Harufu iko kwenye ganda. Anayetafuta harufu ya limao kwa kuongeza juisi atapata keki chachu isiyonukia, na anayetafuta uchachu kwa kukwaruza maganda atapata uchungu.

Chukua ganda la limao au la chungwa, lielekeze kwenye mwanga wa dirishani, kisha likunje ghafla. Utaona ukungu mwembamba ukiruka. Hayo ni mafuta, yanatoka kwenye vifuko vidogo vilivyojaa kwenye ngozi ya juu kabisa, ile yenye rangi. Ndiyo yanayobeba harufu yote unayoiita ya limao au ya chungwa. Hayachanganyiki na maji, yanachanganyika na siagi, mafuta ya kula, maziwa yenye krimu na spiriti. Chini yake kuna tabaka jeupe, na hilo ni uchungu mtupu. Greta ikishaanza kutoa unga mweupe, umeshapitiliza: geuza tunda, hamia upande mwingine.

Juisi ya limao ina asidi ya sitriki ya kiasi cha gramu 5 hadi 6 kwa kila mililita 100. Ndimu iko hapohapo au juu kidogo. Chungwa tamu lina kama gramu 1 tu, na sukari ya gramu 9 au 10 hivi. Pasheni iko karibu na nusu ya limao. Siki ya kawaida ya dukani ina asidi ya asetiki asilimia 5. Ukiyakumbuka haya, sehemu kubwa ya hesabu unaweza kuifanya mwenyewe hata bila kufungua kitabu cha mapishi.

Kabla ya hesabu, tuelewane vipimo: kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko kikubwa ni 15, kikombe ni 250. Na usipime kwa idadi ya matunda. Limao kubwa lenye maji hutoa vijiko vikubwa vitatu au zaidi, ndimu ndogo ya kiangazi inaweza kukupa kijiko kikubwa kimoja kwa shida. Mapishi yanayosema "limao moja" yasome kama vijiko vikubwa vitatu vya juisi, na kijiko kikubwa kimoja cha ganda lililokwaruzwa iwapo ganda limetajwa. Tunda likiwa gumu, liviringishe mezani kwa kulikandamiza na kiganja kabla ya kulikata, au liweke kwenye maji ya moto dakika tano. Linatoa maji zaidi.

Uchachu peke yake

Kuna kazi ambazo hazijali uchachu umetoka wapi. Shira ya kaimati ni mfano mzuri. Limao linawekwa pale ili sukari isirudi kuganda chembechembe sufuria ikipoa: asidi inavunja sehemu ya sukari kuwa aina nyingine mbili, na mchanganyiko huo haugandi kirahisi. Kijiko cha chai kimoja cha limao kwa vikombe viwili vya sukari kinatosha. Huna limao? Siki kijiko cha chai kimoja hufanya kazi ileile, na harufu yake huondoka na mvuke shira inapochemka. Ndimu ya unga, kiasi cha ncha ya kisu, nayo inafaa.

Ndimu ya unga ndiyo ningependa kila jiko liwe nayo. Ni asidi ya sitriki kavu, inauzwa kwenye maduka ya viungo, na ikikaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri haiharibiki. Robo kijiko cha chai inashika nafasi ya kijiko kikubwa kimoja cha limao kwa upande wa uchachu. Iyeyushe kwanza kwenye kijiko kikubwa cha maji, maana ikiingia kavu kwenye aisingi au saladi, mtu atauma punje na kukunja uso. Haina harufu yoyote. Kwa aisingi hiyo ni kasoro, kwa shira au jamu ni faida.

Siki inalingana na limao kijiko kwa kijiko kwa nguvu ya asidi, ila pua inaisikia zaidi. Kwenye kitu kisichopikwa, kama kachumbari, anza na nusu ya kipimo kisha onja. Kwenye aisingi, krimu au juisi ya matunda usiiweke kabisa.

Ukwaju ni wetu, na kwenye mboga na samaki mimi naupa nafasi ya kwanza. Asidi yake ni ya tatariki, ndiyo maana uchachu wake unahisika mzito na wa kukaa mdomoni. Loweka gramu 50 za ukwaju kwenye mililita 150 za maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, uminye kwa vidole, uchuje. Vijiko vikubwa viwili vya maji hayo vinatosha kwa kijiko kikubwa kimoja cha limao. Kumbuka umeongeza maji mara mbili, kwa hiyo punguza maji mengine. Rangi yake ya kahawia haifichiki, hivyo usiupeleke kwenye keki nyeupe au kastadi.

Ubuyu wa unga, ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari, unafaa pale ambapo maji ya ziada yataharibu: biskuti, sukari ya kunyunyizia maandazi, unga wa kupaka mihogo ya kukaanga. Uchujwe kwa chekecheo laini. Uchachu wake ni mpole kuliko wa limao, kwa hiyo onja unapoongeza, na ujue unanyonya maji na kufanya mchuzi kuwa mzito.

Pasheni, kwa kuwa ina nusu ya uchachu, unaiongeza mara mbili na kupunguza kitu kingine cha maji. Inakuja na harufu yake yenyewe ambayo haifanani na limao, lakini kwenye keki na krimu inapendeza mno. Nanasi la Geita ni tamu zaidi ya kuwa chachu na haliwezi kusimama badala ya limao, isipokuwa kwenye nyama. Hata huko uwe mwangalifu: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula protini. Mishkaki iliyolala usiku kucha kwenye nanasi inageuka uji kwa nje. Nusu saa inatosha. Kimeng'enya hichohicho kinazuia jelatini isigande, mpaka nanasi lipikwe kwanza.

Chungwa kwa limao, limao kwa chungwa

Hapa ndipo pana makosa mengi, kwa sababu majina yako karibu na vipimo viko mbali. Kijiko kikubwa kimoja cha limao kina uchachu sawa na vijiko vikubwa sita hivi vya chungwa. Ukiongeza vijiko sita kwenye keki umeongeza karibu mililita 90 za maji na sukari kiasi cha vijiko viwili vya chai, na keki itakuwa nzito, yenye unyevunyevu chini. Fanya hivi: kijiko kikubwa kimoja cha juisi ya chungwa, na ndani yake yeyusha ndimu ya unga pungufu kidogo ya robo kijiko cha chai. Uchachu umefika, maji hayakuzidi.

Kwa upande wa pili, mapishi yakitaka mililita 60 za juisi ya chungwa na wewe una limao tu: vijiko viwili vya chai vya juisi ya limao, sukari kijiko cha chai kimoja na nusu, kisha ongeza maji hadi ufike vijiko vikubwa vinne. Harufu ya chungwa haitakuwepo, hiyo utaitafuta kwingine.

Juisi ya boksi isome kwanza ubavuni. Nyingi ni kinywaji chenye maji na sukari ya kuongezwa, si juisi tupu. Kwa kila kikombe unachotumia, punguza vijiko vikubwa viwili vya sukari kwenye mapishi, na usitegemee uchachu wowote wa maana. Unga wa juisi wa pakiti una asidi ya sitriki, sukari na rangi kali. Kijiko cha chai kimoja kwenye aisingi kinaweza kukuokoa, lakini kwenye keki rangi yake inaonekana ya kutengenezwa na ladha inabaki ya pipi.

Ndimu kwa limao ni moja kwa moja kwenye juisi. Kwenye ganda, punguza hadi theluthi mbili, maana ganda la ndimu ni jembamba mno na greta inafika kwenye weupe haraka. Chenza lina ganda lenye harufu tamu na laini, juisi yake haina uchachu wa kutosha. Balungi lina ganda chungu: likikulazimu, tumia nusu ya kipimo.

Neno moja kwa wanaokamua ndimu nyingi juani, kwa mfano pembeni ya jiko la samaki ufukweni. Maji na mafuta ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi yanayochukua wiki kadhaa kuondoka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka kivulini.

Harufu, na mchaichai wa uani

Harufu ya limao inatokana zaidi na kitu kiitwacho sitrali. Ganda la limao lina kiasi kidogo tu cha sitrali ndani ya mafuta yake. Mchaichai, ule unaoota nyuma ya nyumba na kuishia kwenye chai, mafuta yake ni sitrali kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana unanukia limao kuliko limao lenyewe. Katika vyote vya kushika nafasi ya ganda la limao kwenye keki, krimu na uji wa watoto, sijaona kinachoushinda, na hapa Mwanza unaupata bure au kwa fungu la bei ndogo.

Namna ya kuutumia ndiyo inayokosewa. Ukichemsha majani kwenye maji na kuyamimina kwenye keki, unapata keki yenye ladha ya chai. Pitisha harufu kwenye mafuta. Kwa keki ya gramu 250 za unga: chukua mashina matatu, tumia sehemu nyeupe ya chini yenye urefu wa kidole, yagonge kwa mchi mpaka yapasuke. Yayeyushie ndani ya gramu 200 za siagi au majarini kwenye moto mdogo kabisa, dakika kumi, bila kuruhusu siagi ichemke na kubadilika rangi. Funika, acha nusu saa, chuja ukiwa umeiminya vizuri, halafu iache igande tena ndipo uipige na sukari. Usikatekate shina na kuliacha ndani ya keki. Nyuzi zake hazilainiki hata ukioka saa nzima.

Majani ya mlimao au ya mchungwa hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila ni mepesi: weka majani machanga sita hadi nane, yapasue kwa mkono. Yakizidi yanaleta ladha ya majani mabichi.

Kwa harufu ya chungwa hakuna mmea wa uani unaoifikia. Giligilani kavu iliyopondwa inaelekea huko, kwa sababu harufu yake kuu ni ileile inayopatikana kidogo kwenye mafuta ya machungwa: nusu kijiko cha chai pamoja na hiliki punje mbili inakupa kitu kinachokaa vizuri kwenye maandazi. Dawa ya kweli ni kuhifadhi maganda wakati wa msimu. Menya ngozi ya juu tu kwa kisu kikali, tandaza kivulini penye upepo siku mbili tatu mpaka ivunjike ukiikunja, saga, fungia kwenye chupa. Jua kali linafukuza mafuta. Kijiko cha chai kimoja cha unga huo ni sawa na vitatu vya ganda bichi.

Machungwa yetu yanabaki na ukijani hata yakiiva, maana usiku wa joto hauvunji rangi ya kijani ya ganda. Ladha haipungui. Ila ukikwaruza ganda hilo kwenye keki usitegemee ile rangi ya dhahabu ya kwenye picha. Ukiitaka, karoti moja ndogo iliyokwaruzwa laini au bizari ya manjano ya kushika kwa ncha ya kisu itakusaidia bila kuharibu ladha.

Arki za chupa ziko za aina mbili na watu huzichanganya. Ile ya kawaida ya madukani ni nyepesi: anza na nusu kijiko cha chai kwa gramu 250 za unga, usivuke kimoja. Mafuta halisi ya limao au chungwa ya kula ni makali mara nyingi zaidi, na yanahesabiwa kwa matone: matone manne, basi. Yakizidi keki inanukia sabuni, na hakuna cha kuiokoa. Mafuta ya kupaka au ya kufukizia yenye jina la limao hayaliwi.

Keki ya limao, na kwa nini inakataa

Unga gramu 250, siagi yenye mchaichai gramu 200, sukari gramu 200, mayai manne, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, maziwa vijiko vikubwa vinne. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, yai moja moja, kisha unga na maziwa kwa kupokezana. Oveni digrii 180, dakika 40 hadi 45. Kwa jiko la mkaa, sufuria nene yenye mchanga chini, chombo cha keki juu ya mchanga, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko.

Utaona sikuweka juisi hata tone, na ni kwa makusudi. Juisi ikiingia nyingi kwenye mchanganyiko, asidi inaamsha bekingi pauda mapema, gesi inatoka ukiwa bado unatafuta kiberiti, na keki inashuka katikati. Asidi pia inazuia ngozi ya keki kupata rangi ya kahawia, kwa hiyo unaendelea kuoka ukidhani haijaiva, mpaka inakauka. Na kama mapishi yana magadi soda, kijiko kikubwa kimoja cha limao kinamalizwa na robo kijiko cha chai cha magadi: uchachu wote umegeuka gesi, ulimi haupati kitu.

Uchachu wa keki ya limao unawekwa baada ya kuoka. Yeyusha gramu 60 za sukari kwenye mililita 60 za juisi ya limao bila kuichemsha. Keki ikiwa bado ya moto, itoboe kwa kijiti nafasi ya vidole viwili, mimina polepole. Juisi haikupikwa, imebaki na ukali wake. Bila limao: maji mililita 60, ndimu ya unga kijiko cha chai kimoja, sukari ileile, na tone moja la arki. Au pasheni iliyochujwa mililita 60 na sukari gramu 40.

Mapishi mengine yanataka limao na magadi soda kwa ajili ya kuumuka tu. Huko mtindi ndio suluhisho, na kanda hii ya wafugaji haukosekani: badilisha maziwa yote kwa mtindi, kikombe kwa nusu kijiko cha chai cha magadi, na limao ondoa.

Aisingi ya kumwagia: sukari ya unga gramu 200, juisi vijiko vikubwa viwili. Badala yake maji vijiko viwili yenye ndimu ya unga robo hadi nusu kijiko cha chai. Ikiwa nyepesi usiongeze maji "kidogo tu" kwa kubahatisha, ongeza kwa matone.

Kwenye krimu nzito ya limao inayofungwa kwa konfulawa, epua kwanza ndipo uweke juisi. Konfulawa ikichemka muda mrefu na asidi inavunjika, na krimu uliyoiona nzito jikoni inakuwa maji asubuhi. Usiipikie kwenye sufuria ya alumini. Asidi yoyote kati ya hizi, ukwaju ukiwemo, inaila alumini, na ladha ya chuma inaonekana hasa kwenye vitu vyeupe. Tumia enameli au chuma kisichoshika kutu.

Samaki wa ziwa

Sato na sangara wakati mwingine wana harufu ya tope. Si uchafu wala kuoza. Ni kitu kinachotolewa na bakteria na mwani wa majini, kinaingia kwenye nyama ya samaki kupitia mashavu. Asidi inakivunja kuwa kitu kisichonuka. Kwa hiyo hapa limao linafanya kazi ya uchachu tu, na siki au ukwaju utafanya vilevile.

Sato wa nusu kilo aliyechanjwa: chumvi kijiko cha chai kimoja, juisi ya ndimu vijiko vikubwa viwili, dakika 15 hadi 20. Badala yake, siki kijiko kikubwa kimoja na maji kimoja, au maji ya ukwaju vijiko vitatu. Ukimwacha saa mbili, asidi inaikaza nyama, inakuwa nyeupe na kavu kama chaki hata kabla ya moto. Weupe huo haumaanishi ameiva, kwani asidi haiui minyoo wala vijidudu kama moto unavyofanya. Kabla ya kukaanga mfute akauke, la sivyo mafuta yanaruka na ngozi inang'ang'ania karai. Wa kuchoma asipakwe ukwaju mwanzoni, sukari yake inaungua. Mpake dakika tano za mwisho.

Samaki aliyeharibika, mwenye macho yaliyozama na mashavu ya kahawia, limao halimponyi. Linaficha harufu tu, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukinunua kwenye soko la samaki la Mwaloni, angalia mashavu kwanza.

Dagaa wa kukaanga wanataka limao likiwa limekamuliwa mezani, sahani ikiwa mbele yako. Hapo harufu ni nusu ya utamu. Siki itawalowesha na kunuka. Bila limao wala ndimu, embe bichi lililokwaruzwa na chumvi ndilo ningeweka.

Maharage, mboga, jamu

Maharage na dengu: asidi ya aina yoyote iingie yakishaiva. Ikiwekwa mapema, ganda la punje linakataa kulainika na utamaliza mkaa. Mchicha na matembele: asidi inaua rangi ya kijani ndani ya dakika chache, ikabaki ya kizeituni. Kamulia ukishaepua.

Maziwa na tui hukatika vikikutana na asidi na moto mkali. Kwa samaki wa nazi, epua, subiri mchemko utulie, kisha ongeza ndimu au ukwaju kidogokidogo huku ukikoroga.

Jamu ya embe au papai haigandi bila asidi, kwa kuwa pektini, kile kitu cha ndani ya tunda kinachogandisha jamu, inahitaji uchachu ili ishikane. Kwa kilo moja ya matunda weka limao vijiko vikubwa vitatu, au ndimu ya unga robo tatu ya kijiko cha chai. Papai lenyewe lina uchachu mdogo, litahitaji vijiko vinne. Limao lina faida ya ziada, mbegu zake na lile tabaka jeupe vina pektini: vifunge kwenye kitambaa safi, vichemke humohumo, utoe mwishoni. Vitabu vingi vinasema jamu iepuliwe digrii 104 au 105. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Mwanza iko juu ya mita 1,100, maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, na jamu inakuwa tayari kati ya digrii 100 na 101. Ukisubiri 105 utapata gamu ya kubandika. Usipokuwa na kipimajoto, weka tone kwenye sahani iliyotoka kwenye friza, lisukume kwa kidole. Likikunjamana, epua.

Kuhifadhi

Malimao yakiwa bei nafuu, kamua, chuja mbegu zote, gandisha kwenye vibao vya barafu. Kila kitundu pima kijiko kikubwa kimoja, ili baadaye utoe kwa hesabu. Yakishaganda yahamishie kwenye mfuko na uutoe hewa. Maganda kwaruza kabla ya kukamua, tunda lililokamuliwa halishikiki kwenye greta. Changanya ganda hilo na sukari, kijiko kikubwa cha ganda kwa vijiko vinne vya sukari, usugue kwa vidole mpaka sukari ilowe mafuta, funga na uweke friza. Itapimwa pamoja na sukari ya keki.

Juisi ya limao ikiachwa na mbegu usiku kucha inakuwa chungu, na ya chungwa nayo hubadilika ikikaa saa kadhaa hata kwenye friji. Iliyokwisha kuwa chungu hairudi kwa sukari. Ipeleke kwenye samaki, ambako chumvi na pilipili vitaifunika.

Ndimu zilizowekwa kwenye chumvi nazo zinafaa mchuzini na kwenye pilau, robo ya ndimu moja kwa sufuria ya watu wanne. Zioshe kwanza, na chumvi ya chakula iwekwe mwisho baada ya kuonja.